Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu: ugonjwa ukirudi, msifunge geti mkaondoka na funguo

Kwa Wizara ya Elimu na Michezo huko Kampala, kwa afisa elimu wetu wa wilaya hapa Busia, kwa RDC, mwakilishi wa rais hapa wilayani, kwa wenyekiti wa LC, yaani mabaraza ya mitaa, kuanzia LC5 ya wilaya mpaka huyu wetu wa LC1 ya kijiji, na kwa nyinyi mahedmasta na kamati za shule,

Waheshimiwa, salamu nyingi. Mimi ni mzazi, watoto wangu wako kwenye shule ya UPE, ile elimu ya msingi ya bure ya serikali, hapa Busia upande wa Uganda, nauza mitumba, na niko kwenye kamati ya wazazi kwa hiyo msidhani nawaletea maneno ya kuokota njiani. Naandika Kiswahili juu huku mpakani ndio lugha ya soko, na baraza la mawaziri lenyewe lilipitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili ni lugha rasmi, sasa hebu kisomeni.

Jambo langu ni moja tu. Korona ilipokuja mlifunga madarasa, hapo hatubishani sana, ugonjwa ulikuwa mgeni na kila mtu aliogopa. Lakini mlifunga shule nzima, mkafunga na ofisi, na jiko, na ubao wa matangazo, na choo, na bomba la maji, na yule mwalimu mlezi wa wasichana, vyote mkavitia kufuli moja. Na shule kwa mtu kama mimi ndio ofisi pekee ya serikali ninayoweza kuifika kwa miguu nikiwa na mtoto mgongoni bila mtu kuniuliza nimetumwa na nani. Naomba ugonjwa ukija tena msifanye hivyo, na naomba mpango uandikwe saa hii tukiwa tumetulia, sio usiku wa hotuba.

Maana tunajua inavyokwendaga. Mzee Museveni, rais wetu, alitangaza Jumatano tarehe 18 Machi 2020, Ijumaa tarehe 20 watoto wakatoka, na mgonjwa wa kwanza alikuwa hata hajapatikana, alipatikana Jumamosi yake pale Entebbe akitokea Dubai. Kwa mbio hizo nawapa alama zenu. Tukaambiwa ni mwezi mmoja. Huo mwezi mmoja ukaisha tarehe 10 Januari 2022! Katikati hapo watahiniwa wa P7 (la saba msingi), S4 na S6 (la nne na la sita sekondari) walirudi Oktoba 2020, madarasa mengine yakaanza kurudi kwa zamu 2021, alafu Jumapili moja ya Juni hotuba tena na Jumatatu tarehe 7 kila kitu kimefungwa, watoto wa bodingi wako stendi na magodoro kichwani wanatafuta gari kabla safari za wilaya kwa wilaya hazijazuiwa. UNESCO walihesabu wiki 83 za kufungwa, kabisa au nusu nusu, na hakuna nchi nyingine duniani iliyofika hapo. Wanafunzi karibu milioni 15. Tumeshinda dunia kwa jambo ambalo hakuna mtu alitaka kushinda.

Na sisi wa Busia tulikuwa na adhabu ya ziada, tulikuwa tunaona. Kenya walifungua madarasa yote tarehe 4 Januari 2021, yaani unasimama hapa unaona watoto wa ng'ambo na yunifomu zao wanakwenda shule asubuhi, virusi ni vile vile, hewa ni ile ile, madereva wa malori ni wale wale waliokuwa wamepanga foleni ya makilomita hapa na Malaba wakisubiri kupimwa, alafu wa kwako amekaa anakuuliza mama sisi lini. Waliokuwa na ndugu upande wa pili walipitisha watoto njia za panya wakasome huko. Wasiokuwa nao wakabaki. Si nawaambia mngefungua siku moja na Kenya, kila nchi na hospitali zake, ila wakati mnakata shauri huko Kampala mngeuliza hata mara moja watu wa mpakani wanaishije na uamuzi huo.

Sasa nije kwenye msaada, juu hapa ndipo damu yangu inachemka. Serikali haikukaa tu, tuseme ukweli. Aprili 2020 mliwapa watu wa Kampala na Wakiso posho, yaani unga wa mahindi, kilo 6 na maharage kilo 3 kwa kila mtu, na chumvi, mkisema walengwa ni milioni moja na nusu. Sisi wa huku tuliona kwenye TV. Alafu 2021 ikaja ile shilingi 100,000 ya waziri mkuu mama Nabbanja, familia zaidi ya laki tano kwenye majiji na manispaa, na hapo Busia tulikuwemo. Lakini orodha ilitengenezwaje? Majina yaliandikwa ofisini na mitaani kwa haraka, namba ya simu ya huyu jina la kitambulisho la yule, pesa inarudi ilikotoka, mjane ana watoto sita hayumo na jirani yake mwenye lojing'i yumo. Watu waligombana na wenyekiti wa LC mpaka leo hawasalimiani.

Na wakati huo wote ndani ya kabati la hedmasta kulikuwa na rejista. Rejista! Ile ambayo mwalimu anaita kila asubuhi. Ina jina la mtoto, jina la mzazi, kijiji, na mwalimu wa darasa hahitaji hata kuifungua kukwambia nani anakuja bila kula, nani baba yake ni mlevi, nani analelewa na jajja, bibi yake asiyeona, nani ni mlemavu anabebwa na kaka yake. Hakuna orodha ya masikini katika nchi hii iliyo safi kuliko hiyo, mnayo shule kwa shule, mnaidai kila term mpate kutuma hela ya UPE, lakini ilipofika siku ya kugawa unga hakuna aliyeikumbuka. Mimi naomba iandikwe kwenye mpango wa wilaya kwamba msaada wowote wa familia wakati wa ugonjwa utaanzia kwenye rejista ya shule, alafu LC na VHT, wale wahudumu wa afya wa kijiji, waongeze wale wasio na watoto shuleni, wazee na nani na nani. Najua mtaniambia shule nazo zina rejista za uongo, watoto hewa wa kuongezea hela. Ni kweli. Basi hiyo nayo ni sababu ya kuisafisha saa hii, na ibandikwe ukutani wazazi tuisome wenyewe, mtoto hewa hawezi kupita mbele ya wazazi mia mbili.

Chakula. Sheria ya elimu ya 2008 inasema kulisha mtoto ni kazi ya mzazi, sawa, tunachanga, wengine posho wengine hela, na jikoni kunapikwa uji. Mtoto anayekula uji wa shule ndio huyo huyo akifungiwa nyumbani anakuwa mdomo wa ziada mchana na mama yake hana soko. Karamoja wenzetu walikuwa na bahati kidogo, WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walikuwa wanalisha shuleni toka zamani, na shule zilipofungwa wakabadilisha ikawa chakula cha kubeba nyumbani. Hiyo ndio akili ninayoisema. Njia ilikuwepo tayari, ikatumika. Kwetu huku posho ya michango iliyokuwa stoo Machi 2020, hebu kila hedmasta ajiulize ilikwenda wapi. Kwenye shule moja ninayoijua, jina naliacha, panya walikula nusu na nusu haikujulikana nani alikula. Ilikuwa posho yetu. Kamati ingekuwa na maandishi yanayosema shule ikifungwa zaidi ya wiki mbili stoo inagawanywa kwa wazazi kufuata mchango na kufuata shida, tusingefika huko.

Masomo ya nyumbani ndio sijui nianzie wapi. NCDC, kituo cha serikali cha mitaala, walichapa vitini, vizuri kabisa, nimeviona kwa macho, mwenye kuviandika alifanya kazi. Vikashuka kupitia kwa RDC mpaka kwa LC1, kijiji kizima nakala chache, unaambiwa kapige fotokopi. Kafyu iko, umeme umeenda, duka la fotokopi limefungwa, na ukurasa mmoja ni hela ya nyanya. Masomo ya redio nayo yalikuwa kwa Kiingereza, saa ambayo mtoto yuko shambani au redio anayo baba, na ahadi ya kwamba serikali itanunulia kila nyumba redio mnaikumbuka wenyewe. Ya mtandaoni ndio sitaki hata kuyaongelea, Julai 2021 shule zikiwa zimefungwa mliweka ushuru wa asilimia 12 kwenye bando. Watoto wa Zoom walisoma, wangu walichunga mbuzi.

Kumbe walimu wa serikali walikuwa wanalipwa mshahara wote huo muda, na ni haki yao, sisemi vibaya. Wengi wanakaa hapa hapa tunakokaa. Mngesema tu kila mwalimu achukue watoto wa karibu na kwake, kumi kumi, nje chini ya mwembe, mara mbili kwa wiki, abebe vitini kutoka stoo ya shule awagawie na kuwasahihishia, nani angekataa? Kuna walimu walifanya kwa siri, wanaogopa polisi. Mwalimu anafundisha hesabu kwa siri kama mtu wa magendo ya mafuta, hiyo ni nchi gani jamani.

Na wa shule za praiveti je? Hao mshahara ulikatika mara moja. Tuliwaona wakikaanga chapati, wakiendesha boda, wengine wakafanya kazi ya kubeba mizigo hapa mpakani, madarasa yenyewe mengine yakafugiwa kuku na mengine yakawa gesti. Januari 2022 mlipofungua mkapiga kelele mbona walimu hawarudi. Mwalimu ameshazoea kushika hela kila siku jioni, arudi kwenye chaki asubiri mwisho wa mwezi? Kama kungekuwa na kazi ndogo ndogo pale shule ya karibu, kugawa vitini, kuandikisha familia, kupima joto, kuwapitia watoto nyumbani, hata kwa malipo ya siku, wangebaki ndani ya kazi yao.

Wasichana. Hapa naandika kama mama. UNICEF walisema kati ya Machi 2020 na Juni 2021 mimba za wasichana wa miaka 10 mpaka 24 ziliongezeka kwa zaidi ya asilimia 22. Miaka 10, someni tena. Huku kwetu kuna malori yanalala barabarani wiki nzima, kuna machimbo ya dhahabu kule Tiira ambako watoto wa shule waliingia kuosha mchanga na kushika zebaki kwa mikono mitupu, kuna Majanji kwenye ziwa ambako mvulana wa P5 akishavua akaona hela ya samaki humrudishi darasani kwa hotuba. Msichana anayesumbuliwa na mtu wa nyumbani kwao anamwambia nani? Zamani alimwambia senia womani, yule mwalimu mlezi. Geti likafungwa, senia womani akaenda kijijini kwao, namba yake hakuna anayo. Mimi naomba hata shule ikifungwa huyu mama awe na zamu, siku zake zijulikane, chumba chake kiwe wazi, namba yake iandikwe getini kwa rangi kubwa, na apewe nauli na muda wa kupiga simu. Haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia hiyo.

Na wale waliorudi na mimba au na mtoto 2022, wizara mlisema wapokelewe, mlisema vizuri, ingawa kuna viongozi wa dini walipinga wazi wazi. Ila kupokelewa kwa barua na kupokelewa kwenye darasa ni vitu viwili. Msichana ananyonyesha, mtoto amwache wapi? Kuna mabibi wangapi hapa mtaani wangekaa na watoto wachanga kwenye chumba kimoja cha shule, kwa chai na sabuni tu? Hatukuulizwa. Asilimia 30 ya wanafunzi ndio Mamlaka ya Mipango ya Taifa ilikadiria hawatarudi, na badala ya kuwatafuta nyumba kwa nyumba wengine walikaribishwa na orodha ya vitu, rimu ya karatasi, fagio, toilet pepa, na ada imepanda, mpaka wizara ikabidi iwaonye.

Sasa kuna jambo la nafasi za kazi ambalo halisemwi kabisa, tunafanywa kama wazazi ni watu wa kupokea tu. Mlipotaka barakoa, hapa Busia mafundi cherehani wamejaa, wengi ni wazazi, wamekaa na mashine hazina kazi. Mlipofungua mkataka kila shule iwe na sabuni na maji ya kunawa, kina mama wa vikundi hapa wanachemsha sabuni ya maji vizuri tu. Mahindi ya uji tunalima. Kila shule ingetoa oda yake ndogo kwa wazazi wake, hela ikazunguka mtaani, mwingine akakatwa ada humo humo badala ya kudaiwa. Badala yake vitu vilitoka mbali na bei yake, na mzazi fundi akafukuziwa mtoto kwa ajili ya ada. Mimi sijasoma uchumi lakini hii nayo inahitaji kusoma?

Na nafasi zenyewe za serikali, tunazisikia zimeshapita. Parish Development Model, ile hela ya serikali ya kuinua watu kupitia parishi, imezinduliwa Februari 2022, milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, mtu anaweza kupata mpaka milioni moja, kuna Emyooga ya vikundi vya kazi, kuna ya wanawake, kuna ya vijana. Nani anatangaza? Ukikosa mkutano wa kijiji umekosa, na mama wa soko anakosa mikutano yote juu mikutano iko saa za soko. Lakini mtoto wangu anakwenda shule kila siku. Bandikeni pale. Fomu ziwe pale, chifu wa parishi aje siku moja kwa mwezi akae pale, kwa Kiswahili na Kisamia na Ateso, sio karatasi ya Kiingereza iliyogongwa muhuri tatu. Na kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja, wazazi waliokimbia Kongo wengi wanaelewa Kiswahili kuliko Kiingereza, mngewaandikia hivyo hivyo mngeokoa muda mwingi.

Kuna atakayesema huyu mama anaongea mambo yaliyopita, korona imeisha. Haya. Septemba 2022 Ebola ilitangazwa Mubende, watoto wa shule wanane wakafa, mkafunga term wiki mbili kabla, tarehe 25 Novemba. Mpox ikaingia 2024. Januari 2025 Ebola tena, safari hii Kampala yenyewe. Ndani ya miaka mitano nchi imetajiwa magonjwa hayo yote, na mimi kama mjumbe wa kamati sijawahi kuonyeshwa karatasi hata moja inayosema shule yetu ikifungwa kesho nani anabaki na funguo, stoo inagawanywaje, vitini viko wapi, nani anapiga simu kwa nani. Ebola sio korona, najua, huwezi kukusanya watu ovyo Ebola ikiwa mtaani, na kuna wakati geti litafungwa kweli kweli. Ndio maana nataka iandikwe, ugonjwa wa aina hii tunafanya hivi, wa aina ile vile, na VHT na nesi wa kituo cha afya wakae kwenye hiyo meza na sisi.

Ninachoomba kwa wizara ni waraka mmoja mfupi, sio kitabu, unaoziambia shule zote, za serikali na za praiveti, ziandike mpango wao na kamati za wazazi, na uruhusu stoo, ofisi na senia womani kuendelea hata madarasa yakifungwa. Kwa afisa elimu wa wilaya, vitini vya NCDC viwekwe kwenye kila shule mapema, maboksi yakae stoo, yasije kwa pikapu ya RDC wakati wa kafyu. Kwa LC, mkubali rejista, najua mnapenda orodha zenu. Kwa mahedmasta, fungueni makabati. Na sisi wazazi msituite siku ya kuchangisha tu, kwenye kamati yetu nimejaa maneno lakini kuna baba mmoja mekanika asiyeongea kabisa na ndiye alitengeneza bomba la kunawia bure, muiteni na yeye.

Mkutano wetu wa wazazi uko mwanzo wa term ijayo. Nimeshamwomba mwenyekiti aweke jambo hili namba mbili, baada ya maombi na kabla ya ada, juu yakishafika ya ada hakuna anayesikiliza kingine. Afisa elimu akija tutampa kiti cha mbele na soda. Asipoweza kuja atume majibu kwa maandishi, katibu atayasoma kwa sauti na tutayabandika ubaoni.

Wenu,
Mzazi na mjumbe wa kamati ya wazazi, Busia

Nakala: ofisi ya meya wa manispaa, nesi mkuu wa kituo cha afya, wenyekiti wote wa kamati za shule za UPE hapa mjini